Kichwa cha Ngege Dirishani

Nyota wa sinema hawajawahi kunitisha. Niliwaona wakila mashavu yamejaa, niliwaona wamelala midomo wazi ndani ya ndege, niliwaona wakilia kamasi zikitiririka, niliwaona wakikimbia na vitambaa kichwani kama watu walioiba kuku. Kwa miaka minne walikuwa wamebandikwa kwenye ukuta wa studio moja ya picha mjini Kisumu, na mimi ndiye niliyewapangusa vumbi kila asubuhi. Mtu ambaye umempangusa vumbi ndani ya tundu la pua utamwogopaje?

Wajukuu wangu wananiambia, "Dani," yaani bibi, "hao walikuwa watu wakubwa, dunia nzima iliwajua." Nawajibu, hata choo cha soko kilijulikana na mji mzima.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kulea wadogo zangu, na walipokua nikatumwa mjini nikae kwa dada ya baba yangu, ambaye kwa lugha yetu tunamwita waya. Waya aliuza mboga sokoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kama filimbi ya treni, na hakuna mtu Kisumu aliyekuwa na siri akiwa karibu naye. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi pale studio: kufagia, kupiga pasi, kuosha picha ndani ya karai zikitoka kwenye dawa, na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio kama nepi za mtoto.

Mwenye studio alikuwa mtu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, aliyekuja kwetu kutafuta biashara. Mwembamba, mpole, wa kanisa kila Jumapili. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, magazeti ya sinema. Jumba la sinema lilikuwa likitoa magazeti ya zamani kwa akina mama wa njugu, wapate karatasi za kufungia. Yeye alihakikisha anafika kabla ya njugu. Alichambua, akakata, akabandika. Wala hakuchukua zile picha nzuri, ambazo nyota amekaa sawasawa, amevaa mkufu, taya limeinuliwa. Hizo aliziacha zikabebe njugu. Yeye alitaka za kunyatia. Yaani mtu kajificha nyuma ya mti na kamera, nyota hana habari, anapigwa akiwa jikoni kwake, au mkahawani, au amelala juani tumbo limemwagika pembeni.

Basi tulikuwa nao pale ukutani. Mmoja alikuwa na vigurudumu vya nywele kichwa kizima, anambusu mbwa mdomoni. Mdomoni! Mwingine, mwanamume ambaye waya alisema kwenye sinema aliua watu kumi na farasi wao, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake na soksi moja, anakuna kidole. Mwingine anatoka mahakamani kumwacha mume wa tatu, na tayari wa nne amemshika kiwiko. Na kulikuwa na mmoja pembeni, karibu na swichi ya taa, ambaye uso wake hukuuona kabisa, kwa sababu alikuwa ameinua mkono, vidole vimepanuka, kiganja kimejaa picha nzima. Huyo nilimpangusa haraka haraka. Sikuwa na la kumwambia.

Wateja wanawake walipokuwa wanasubiri zamu, hawakuwa na kazi nyingine ila kuwasema.

"Huyu si ndiye aliyekuwa anaimba juu ya daraja, anafutwa machozi na mwanamume?"

"Ndiye. Sasa ona, machozi yanafutwa na mbwa."

"Ana gari refu kama behewa lakini hana pazia!"

"Pazia amelivaa. Huoni lile gauni?"

Mimi nilicheka nao. Niliona hawa ni watu waliokosa mama wa kuwaambia fungeni mlango. Kwetu hata maskini wa mwisho ana mlango wa mabati, na akila ugali mtupu anajifuta mdomo, anatoka nje anachokoa meno kama aliyekula nyama. Hiyo ndiyo heshima. Mtu mwenye heshima hujui alichokula.

Lakini mwenye studio aliwaabudu. "Hiyo ndiyo picha ya kweli," aliniambia kila siku. "Mtu akijua unampiga anakupa uso wa kuazima."

"Na koti je, bwana?" nikamuuliza. "Koti la kuazima ni la nani kama si lako?"

Hapo alijifanya anapangusa kamera. Maana studio yetu ilikuwa na koti moja jeusi, limepasuliwa mgongoni tangu shingo mpaka chini ili limwingie mnene na mwembamba, na nyuma tunalikaza kwa vibanio. Tulikuwa na tai moja, saa moja ya mkono ambayo haikutembea, na mkoba mmoja mweupe wa kike uliojazwa magazeti ili usilale. Wanaume wote wa pande zetu walioposa miaka hiyo walipewa wake kwa sababu ya koti lile. Walisimama kama magogo, mkono mmoja juu ya meza ya maua ya plastiki, wala hakuna aliyecheka. Kucheka kwenye picha kulikuwa kama kucheka kanisani. Picha ilikuwa ya kutundikwa juu, karibu na dari, imeinama mbele kidogo ikuangalie ukiingia. Nani anataka kuangaliwa na mtu anayecheka?

Sasa jambo langu mwenyewe.

Nilikuwa nimefika umri ambao wanawake sokoni walianza kumuuliza waya habari zangu kwa sauti ya chini, kama wanaouliza habari za mgonjwa. Wasichana niliocheza nao kwetu, upande wa Katito, walikuwa na watoto wawili wawili. Mimi nilikuwa na karai la maji. Nilitaka nyumba yangu, nilitaka jiko langu, na kwa nini nidanganye, nilitaka wale waliokuwa wakiuliza wafunge midomo yao. Waya akachukua kazi ya ujagam, yaani ushenga wa posa, na kwa sauti ile yake akapata mtu upesi. Alikuwa mwanamume wa Asembo Bay, anafanya kazi kiwandani Jinja, anarudi nyumbani mara moja kwa mwaka.

Picha yake ikaletwa. Nikaitazama. Koti nililijua, kifungo cha tatu nilikuwa nimekishona mimi kwa uzi wa kijani. Saa niliijua, tai niliijua, maua niliyapangusa kila siku. Kilichokuwa chake mle ndani kilikuwa masikio tu. Nikayachunguza masikio yale muda mrefu. Yalikuwa makubwa, yametoka nje, lakini hayakuwa na ubaya. Nikasema ndiyo kwa masikio.

Mimi nami nikapigwa yangu. Nikashika mkoba mweupe, nikakaza uso, nikawa kama sanduku la posta. Nakala moja ikaenda Jinja, moja ikaenda kwa mama yake Asembo. Jibu likarudi zuri. Wazee wakaanza kutaja ng'ombe.

Mama yake nilielezwa habari zake mapema, ili nijue naingia wapi. Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa, na Asembo nzima alijulikana kwa kushika mila kuliko wazee wenyewe. Zamani kwetu wanawake hawakula kuku. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Miaka ile vijana wa kike walikwisha kuanza kumla, waliookoka wakasema ni halali, lakini mama huyo akipita mahali kuku anapikwa alifunika pua. "Tangu nizaliwe," ndivyo alivyosema kila harusi na kila matanga, "ulimi wangu haujagusa hata mchuzi wake."

Na mila nyingine ilinihusu mimi. Kwetu msichana aliyeposwa hali mbele ya watu wa upande wa mume mpaka mambo yamalizike. Wakikukuta unakula, unaficha sahani. Wakikupa chakula, unakataa mpaka jasho likutoke. Ukila mbele yao, hasa mbele ya mama mkwe, umejivua nguo. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Siku moja mchana nilikuwa uani nyuma ya studio. Nilikuwa nimenunua ngege, yule samaki mnene wa ziwa letu, nikamaliza mwili, nikabaki na kichwa. Sasa kichwa cha ngege hakiliwi kwa adabu. Unakishika kwa mikono miwili, unakipasua, unafyonza jicho, unafyonza ubongo, unaingiza ulimi mahali ambapo ulimi hauna ruhusa. Nilikuwa nimechuchumaa, kitambaa kimeteleza, mafuta yamefika kwenye viwiko, macho nimeyafumba kwa utamu. Nikasikia kitu kama kidole kinachovunjwa. Nikafumbua macho. Mwenye studio alikuwa mlangoni, na ile kamera yake ndogo ya shingoni.

"Futa hiyo," nikamwambia.

"Haifutiki. Iko ndani."

"Basi iungue humo humo ndani."

Akacheka akaenda zake. Nami, mjinga, nikarudia kichwa changu. Nilifikiri ni upuuzi wake wa kawaida. Siku hizo alikuwa amekwisha kuanza kuwanyatia watu mjini kama wale wazungu wa magazeti. Alizunguka sokoni, kwenye stendi ya mabasi, nyuma ya hoteli za chai, anapiga watu ambao hawakumwomba wala hawatamlipa. Mkewe alisema filamu anazomaliza zingetosha kuvisha watoto viatu.

Picha yangu hakunipa niioshe. Aliisafisha mwenyewe Jumamosi jioni nilipokuwa nimekwenda nyumbani, akaikuza, kubwa kama trei ya chai, na Jumatatu asubuhi akaiweka dirishani upande wa barabara. Mkono wa kushoto kwangu yule mbusu mbwa, mkono wa kulia yule wa soksi moja. Mimi katikati, na kichwa cha ngege.

Sikujua. Mimi nilikuwa naingilia mlango wa nyuma. Niliona tu kwamba watu wengi wanasimama nje, wanacheka. Nikaona pia mama mmoja mzee, kitambaa cha kijani kichwani kimeungua tundu upande mmoja, kapu la samaki mkononi. Yeye hakucheka. Alitazama dirisha, akanitazama mimi ndani kupitia kioo, akatazama dirisha tena. Halafu akatema mate pembeni, akaondoka kwa hatua za mtu anayekwenda kushtaki.

Nikatoka nje nione kuna nini. Na nilipoiona picha ile, mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe mpaka usoni, vidole vimepanuka. Barabarani, mbele za watu, mchana. Nilijikinga na jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutokea.

Siku ya tatu waya alifika studio. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Umekula mbele ya mama mkwe wako!"

"Mimi? Wapi? Sijamwona hata siku moja!"

"Yeye amekuona. Alikuja mjini na samaki wake, akasema apite amwone msichana kwa macho, asijue mtu. Akakukuta dirishani unafyonza kichwa. Anasema ulimtazama hivi," waya akafumba macho akatoa ulimi, "ukaendelea kufyonza!"

"Waya, ile ni karatasi."

"Nenda kawaambie hivyo."

Nyumbani kwetu wazee wa pande zote mbili walikaa. Mimi sikuwepo, lakini waya alinirudishia kila neno, tena kwa sauti zao. Mjomba wangu alitetea vizuri. Alisema, je, picha inashiba? Je, kichwa kile cha samaki kilipungua? Kililiwa na nani? Msichana alikula uani, peke yake, kwa adabu ya uani. Kilichokwenda barabarani ni karatasi, na karatasi haina kinywa.

Nusu ya wazee wakaanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo mjomba wa mwanamume, mzee mwenye kifua kibovu, akakohoa, akasema: "Mtu wetu akifa, mnashika picha yake mnaililia. Mnaiita kwa jina. Mnaiambia kwa nini umetuacha. Basi kama karatasi inaliliwa, karatasi inakula."

Vichwa vikaacha kutikisika. Na wala sikumlaumu. Ng'ombe wakasimamishwa. Mama wa Asembo akaleta neno lake la mwisho: yeye ambaye tangu azaliwe hajaonja mchuzi wa kuku hawezi kuingiza nyumbani kwake mwanamke anayefyonza vichwa madirishani pamoja na makahaba wa kizungu.

Nilimwendea mwenye studio. Picha nilikuwa nimekwisha kuing'oa dirishani mwenyewe siku ile ile.

"Umenivunjia nyumba kabla sijaijenga," nikamwambia.

Akashangaa, kweli kabisa, kama mtoto aliyevunja chungu cha mtu mwingine. "Lakini ni picha nzuri! Watu walisimama! Hata huko kwao, nyota wakipigwa hivi ndipo wanapopendwa zaidi."

"Wanapendwa na nani? Na wewe? Wewe utaniletea ng'ombe?"

"Ni ukweli tu, dada. Si ulikuwa unakula?"

"Na wewe choo unakwenda. Ukweli huo nao tuuweke dirishani?"

Mtu wa namna hiyo hana ubaya moyoni, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu huna pa kumshika. Nikaendelea na kazi. Ningekwenda wapi? Sokoni nilipita upande wa nyuma, lakini watoto wa njugu walinifuata wakifyonza vidole.

Wiki ile akanipa kazi ya kuosha rundo la picha zake za kunyatia. Nilizitia kwenye maji moja moja bila kuziangalia vizuri, mwendesha mkokoteni anapiga miayo, askari anajikuna, kinyozi anakagua jino kwenye kioo chake. Wote hawana habari. Kisha ikaja moja, nikaisimamisha mkononi maji yakitiririka.

Nyuma ya hoteli, juu ya kreti la soda, ameketi mama mzee. Kitambaa kichwani kimeungua tundu upande mmoja. Kapu miguuni. Mkononi paja la kuku, si dogo, limeng'atwa mpaka nusu, na mafuta yanang'aa kwenye kidevu. Amefumba macho. Nilikijua kile kitambaa, na ule ufumbaji wa macho niliujua pia. Ulikuwa wangu.

Mama wa Asembo alikuwa ametoka dirishani kwangu akitema mate, akazunguka nyuma ya hoteli, akala kuku.

Nilianza kucheka nikashindwa kusimama. Nikakaa chini karibu na karai, nikacheka mpaka mwenye studio akaja kuuliza kama dawa imeniingia kichwani. Hakujua yule ni nani. Kwake alikuwa mama fulani tu mwenye njaa. Nikaomba ile picha pamoja na negativu yake. Akanipa zote mbili, nadhani kwa sababu ya aibu iliyochelewa kumfika.

Waya alipoiona alipiga kigelegele mpaka jirani akaja na maji akidhani kuna moto. Tulipomfukuza jirani, akanishika mabega.

"Itundike! Pale pale! Kubwa kuliko yako! Aje aione siku ya soko, yeye na Asembo yake yote! Ulimi wangu haujagusa, ulimi wangu haujagusa! Huo ni ulimi wa nani?"

"Halafu?"

"Halafu nini? Halafu tucheke!"

"Na mimi nitaolewa na kicheko?"

"Basi tusiitundike. Tumwonyeshe tu. Tumwambie, ng'ombe au dirisha."

Waya alikuwa na akili, sikatai. Na nilitaka. Usifikiri sikutaka. Nilikaa siku mbili na picha ile chini ya godoro, na kila nilipoigusa nilihisi utamu kama wa kichwa cha ngege. Niliwaza mama yule amesimama barabarani, watu wamemzunguka, watoto wa njugu wanafyonza vidole, na mkono wake unapanda usoni. Nilimwona kabisa. Vidole vimepanuka. Na kila nilipofika pale kwenye mkono, utamu ulikwisha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa napangusa vumbi. Nikafika kwa yule wa karibu na swichi ya taa, asiye na uso. Niliwadharau wenzake wote na bado nawadharau. Lakini huyo nikamwona upya. Alikuwa mtu aliyekuwa na kitambaa chake kilichoungua, na kuku wake, na hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia yule mwenye kamera ageuke. Nikamng'oa ukutani. Mwenye studio aliuliza ameenda wapi, nikasema mende wamemla.

Siku ya soko niliomba ruhusa, nikapanda gari mpaka Kisian, mahali ambapo magari ya kutoka Asembo husimama kabla ya kuingia mjini. Sikutaka kumkuta sokoni mbele ya masikio ya waya. Lori lilipofika nilimwona amekaa juu ya magunia, kitambaa kile kile. Alishuka kununua ndizi. Alinitambua mara moja, uso ukafunga kama duka.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikia. "Umekuja kula nini hapa?"

Nikampa bahasha. Alifikiri ni maombi ya msamaha, akaifungua kwa dharau, kwa vidole viwili. Nikageuza uso nikatazama barabara. Sikutaka kumwona akijiona. Lori lilipiga honi mara mbili, utingo akaita, yeye hakusogea.

"Nani ameiona?" akauliza mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mpiga picha, hajui wewe ni nani. Na waya."

"Mungu wangu. Mwanamke yule!"

"Nimemwambia akisema, narudi Katito na hatanipata tena kumsukia nywele. Hatasema. Humo ndani kuna kile kijikaratasi cheusi. Bila hicho haiwezi kutengenezwa nyingine. Choma vyote."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna asiyetaka kitu, msichana."

"Mama, nilitaka nyumba kwa mwanao. Ulikwisha kukataa. Sikuja kuinunua kwa picha hiyo."

Akanitazama tangu kitambaa mpaka miguu, kama anavyotazamwa samaki aliyelala siku moja. Halafu akatia bahasha kifuani, ndani kabisa. Utingo akaita tena kwa matusi. Alikuwa amekwisha kukanyaga gurudumu apande alipogeuka.

"Kile kichwa," akasema. "Kilikuwa kitamu?"

"Sana, mama."

"Nilijua," akasema. "Nilikasirika nikaona njaa."

Lori likaondoka naye. Wala hakunipungia mkono.

Baada ya wiki mbili neno likafika kwa wazee wetu. Mama wa Asembo amefikiri, amesali, na ameona kwamba mjomba wa upande wa mwanamume ni mzee, kifua kimempanda kichwani. Karatasi ni karatasi. Watu wanaolia mbele ya picha wanamlilia mtu, na mtu hali kwa niaba ya karatasi. Sielewi mpaka leo alichomaanisha, na sidhani yeye alielewa, lakini alikisema kwa nguvu na wazee wakaona kina mantiki. Ng'ombe wakatembea. Mwanamume akaja kutoka Jinja bila koti, na masikio yalikuwa makubwa kuliko nilivyofikiri.

Niliishi na mama mkwe yule miaka mingi. Hakuwa mwepesi. Alinikaripia kwa ugali laini, kwa ugali mgumu, kwa kupika upesi na kwa kuchelewa. Neno la Kisian hatukulitaja hata mara moja, si mimi wala yeye. Na wageni walipokuja tukachinja kuku, alifunika pua kama kawaida, akatangaza ukumbini, wote wasikie, kwamba tangu azaliwe ulimi wake haujagusa hata mchuzi. Wageni walimsifu. Mimi nilikuwa jikoni. Niliacha sufuria bila kifuniko, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji, nikakaa huko kwa muda wa kutosha. Nikirudi, paja moja halipo. Nilimtukana paka kwa sauti kubwa mpaka ukumbini. Paka wa nyumba ile alibeba lawama nyingi, mpaka alipokufa tukaleta mwingine aendelee.

Kwa hiyo wajukuu wangu wanaponionyesha picha za wale nyota wa zamani, wakisema tazama, Dani, hapa hakujua anapigwa, hapa analia, hapa anakula na mikono, mimi siwaonei wivu hata chembe. Walikuwa na magari, walikuwa na mbwa, walikuwa na waume wanne wanne. Katika watu wote waliowazunguka, hawakuwa na hata mmoja wa kushika ndoo aende kuteka maji.